Simu inasema amemeza, kopo linasema hajameza

Shangazi,

Salaam nyingi kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mivumba, yaani nguo za mitumba, sokoni. Naandika usiku kwa sababu mchana mhusika anakaa hatua kumi tu kutoka meza yangu, na macho yake ni ya mwewe.

Mhusika ni mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, ana miaka 28. Ni fundi baiskeli. Mwaka 2017 aliugua. Tulihangaika naye kwa wachungaji na kwa wazee mpaka tulipofika hospitali, wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na hofu. Amelazwa mara mbili. Tangu 2021 anakaa kwangu, chumba cha uani, na kwa kweli alitulia. Asubuhi anafungua kibanda, ananyoosha rimu, anaziba pancha, jioni anafunga. Jumapili anapumzika. Kila mwezi anachukua dawa kliniki: haloperidol kidonge kimoja kila usiku, na Artane ya kuzuia mwili kukakamaa.

Shida yetu ilikuwa hiyo dawa ya usiku. Namuuliza, "Umemeza?" Anasema nimemeza. Nikirudia, ananijia juu: "Dada, mimi si mtoto." Mume wangu akasema nyumba imegeuka kituo cha polisi.

Basi mteja wangu mmoja wa Kampala akanieleza habari za programu za simu za watu wenye maradhi kama haya. Nikachanga, nikamnunulia simu ya kupangusa, shilingi 350,000. Programu yenyewe inalia saa tatu usiku, inaonyesha picha ya kidonge, anabonyeza kuwa amemeza na siku inapakwa rangi ya kijani. Asubuhi inamuuliza anajisikiaje, achague uso mmoja kati ya nyuso tano, kuanzia unaocheka mpaka unaolia. Yote yanaingia kwenye simu yangu pia. Halafu mimi mwenyewe, bila kumwambia, nikaweka na ile ya kuonyesha mtu alipo. Miezi miwili ikawa kijani tupu. Niliwaonyesha hata majirani wa soko.

Jumanne moja nikaona kwenye simu amevuka mpaka. Nikapiga: "Mbona uko Kenya?" Kumbe alifuata spoki, kule ni bei nafuu. Akanyamaza kimya. Jioni nikakuta ameziba kamera ya simu kwa kiraka cha baiskeli, kile cheusi chenye ukingo mwekundu, na amekibandika kwa solusheni kabisa. Akaniuliza, "Nani anasoma?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita kandambili ya mwanangu ilikatika, nikaenda kwenye kibanda kutafuta solusheni. Nikafungua kopo lake la viraka. Chini ya viraka, ndani ya karatasi ya nailoni, nikakuta vidonge vya haloperidol 23. Simu yangu kwa mwezi huo inasema siku 30, kijani 30.

Hajachafuka bado, ugonjwa haujamrudia. Ila anachelewa kulala, na usiku simu anaenda kuiacha kwenye banda la kuku la jirani. Mikono inamtetemeka, anaangusha vinati vya spoki, lakini hilo tumeshalizoea.

Mama anasema simu ndiyo imemwingiza shetani, nimnyang'anye na nimpeleke kwenye maombi. Mume wangu anasema tulipie programu ile kubwa, dola tano kwa mwezi, inampiga picha mdomoni akimeza. Mimi nafikiri niendelee kumfuatilia kimya kimya, angalau nijue alipo. Shangazi, nishike lipi?

Dada Mkubwa, Busia

*

Mwanangu Dada Mkubwa,

Tuanze na hesabu. Thelathini ukitoa ishirini na tatu zinabaki saba. Nyumba nzima mnazitazama zile 23. Mimi zinanishughulisha hizo saba.

Mtu aliyeikataa dawa moja kwa moja angeficha zote thelathini, au angezitupa chooni usizione kamwe. Huyu amemeza usiku saba na kuacha usiku ishirini na tatu, tena alizoacha akazitunza ndani ya nailoni zisiingie unyevu. Je, ni usiku upi aliomeza? Umeniambia Jumapili hafungui kibanda. Na mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukaniambia mikono inatetemeka na anaangusha vinati vya spoki, "lakini hilo tumeshalizoea". Mmelizoea ninyi. Yeye ndiye anayepiga magoti kwenye vumbi kutafuta kinati kidogo kama punje ya mtama huku mteja amesimama juu yake anauliza, fundi, bado?

Nimekuwa muuguzi wa wodi za akili miaka 31 kabla ya kustaafu. Nimemuona fundi cherehani aliyeshindwa kutia uzi kwenye sindano, na seremala aliyeacha randa kwa sababu mkono haumtii. Haloperidol ni dawa nzuri kwa sauti na kwa hofu, lakini inaweza kuufanya mwili ukakamae, mikono itetemeke, miguu ikose utulivu, na asubuhi mtu aamke kama amefungiwa mawe kichwani. Kwa kukisia kwangu, mdogo wako anameza usiku ambao kesho yake hahitaji vidole. Jumapili, pengine na siku za mvua. Kidonge hakitoki mwilini kwa usiku mmoja, kwa hiyo hesabu yake haikai sawa kitabibu. Lakini ni hesabu. Anapigania kazi yake. Huenda nimekosea, wewe muulize mwenyewe, ila muulize hivi: "Ile dawa inakufanyia nini mikononi?" Usimuulize kwa nini hamezi.

Programu uliyoweka ilimuuliza miezi miwili kama anacheka au analia. Haikumuuliza hata mara moja habari za vinati.

Ile rangi ya kijani isikutie aibu, imewadanganya waliosoma kuliko sisi. Simu inachojua ni kwamba kidole kimegusa kioo. Mimi hapa nina presha, na simu yangu hulia saa moja asubuhi. Wiki iliyopita mara mbili nimeizima, nikaendelea kumenya matoke, na dawa nikaikumbuka saa sita mchana. Kama kuna mtu angekuwa anasoma rekodi yangu, angesema bibi huyu ni mfano wa kuigwa.

Huko China, wilayani Liuyang katika jimbo la Hunan, watafiti walijaribu jambo linalofanana na lako kwa wanavijiji 278 wenye skizofrenia, wakatoa matokeo mwaka 2019. Nusu walikuwa wanapata dawa za bure za serikali kama kawaida. Nusu nyingine waliongezewa meseji za simu za kuwakumbusha, na kila mgonjwa akawa na mtu wa karibu, mara nyingi ndugu, aliyefundishwa kumsaidia na kuangalia dalili. Kupima, hawakutegemea alama za kwenye kioo. Walikwenda nyumbani bila taarifa wakahesabu vidonge, kama wewe na kopo lako. Baada ya miezi sita kundi la kawaida lilikuwa linameza asilimia 48 ya dozi, na kundi la meseji na ndugu asilimia 61. Ni maendeleo, na si madogo. Lakini angalia hata hapo, dozi karibu nne kwa kila kumi hazikumezwa, na mradi mzima ulikuwa nyuma yao. Wewe ulikuwa peke yako na meza ya mivumba, halafu ukategemea kijani 30.

Sisemi programu hizi ni bure. Marekani kuna moja inaitwa FOCUS, imetengenezwa mahususi kwa watu wenye maradhi mazito ya akili. Inamuuliza mtu kuhusu sauti, usingizi, dawa na watu anaokutana nao, kisha inampa jambo dogo la kufanya saa ileile. Jaribio lililotolewa mwaka 2018 lilifanyika Chicago kwa watu 163: wengine walipewa FOCUS, wengine vikao vya kikundi vya ana kwa ana. Wa simu asilimia 90 walianza matibabu, wa vikao asilimia 58, na mwishowe pande zote mbili walipata nafuu inayokaribiana. Yaani simu iliwafikia wengi ambao wasingepanda basi kwenda kikao. Lakini nyuma ya simu ile palikuwa na mtu aliyewapigia kila wiki kuuliza inakwendaje, wapi imekwama. Na kila mmoja alijua nani anasoma.

Hapa sasa nitakuudhi kidogo. Ugonjwa wa ndugu yako, ukimshika, unamwambia anafuatiliwa na kusikilizwa, na kwamba kuna watu wanaojua anakokwenda. Miaka yote mmekaa mkimwambia si kweli, ni ugonjwa. Halafu wewe ukamfuatilia kweli, na Jumanne ukampigia simu ukathibitisha kwa mdomo wako. Mimi ningekuwa yeye, ningeziba kamera pia. Kile kiraka si dalili. Kama kuna dalili, ni ile ya kuipeleka simu kwenye banda la kuku usiku, na hata hiyo nina shaka nayo, maana kila siku saa tatu usiku kuna kitu kinamlilia kumuuliza swali ambalo analijibu kwa uongo. Nani angependa kulala nacho?

Alikuuliza, "Nani anasoma?" Jibu lake lilikuwa neno moja: mimi.

Mpe jibu hilo. Chagua jioni baada ya kula, yeye ameshashiba na wewe hujachoka sana. Mwambie: "Niliweka kitu cha kuonyesha ulipo. Sikukuambia. Nilikuwa naogopa. Nakitoa sasa hivi mbele yako." Kisha mpe simu akitoe yeye kwa mkono wake, hata kama itamchukua muda. Mwonyeshe mahali pa ruhusa kwenye mipangilio: eneo, maikrofoni, kamera, majina ya kwenye simu. Azime anachotaka. Kiraka kikae. Usimcheke, na mume wako asitie neno la mzaha siku hiyo. Tena majirani wa soko uliowaonyesha rangi za kijani usiwaonyeshe kitu kingine. Sheria yetu hapa Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la pekee, hazichukuliwi ovyo. Sheria iliandikwa kwa ajili ya makampuni na ofisi, sijasema utashtakiwa, lakini mantiki yake inafika mpaka kwenye meza ya mivumba.

Na makampuni yenyewe si malaika. Mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya ushauri wa kisaikolojia kwa simu huko Marekani ilitakiwa na serikali kulipa dola milioni 7.8, kwa sababu iliwaahidi wateja siri halafu ikapitisha taarifa zao kwa mitandao ya kijamii ili itangaze biashara. Kwa hiyo fundi wako aliyeuliza nani anasoma aliuliza swali ambalo wengi wenye akili tulivu hatuliulizi.

Sasa kliniki. Usingoje tarehe ya mwezi, nendeni wiki hii, na aende na kopo. Aseme mwenyewe habari ya mikono. Wewe kaa nje kwa dakika kumi za kwanza, nakuomba. Kuna madhara ya dawa hizi ambayo kijana wa miaka 28 hawezi kuyataja mbele ya dada yake, ya chumbani na ya mwili kunenepa, na ndiyo mara nyingi yanayotuma vidonge chini ya godoro. Wanaweza kupunguza dozi, kuangalia upya hiyo Artane, au kumbadilishia dawa. Wanaweza kuzungumza naye kuhusu sindano ya muda mrefu, ile ya kila wiki mbili mpaka nne, ambayo inaondoa vita ya kila usiku. Nayo inaweza kutetemesha, kwa hiyo isiwe adhabu ya kukamatwa na kopo, iwe jambo analolichagua kwa kujua. Ila asiache ghafla kila kitu, na asianze ghafla kumeza vyote kwa kutii. Yeye na daktari wapange pa kuanzia.

Swali lako la kwanza: simu usimnyang'anye. Umeandika "nikamnunulia simu", na nafahamu ulivyochanga. Ila umempa zawadi halafu ukabaki na ufunguo. Mwachie iwe yake. Akisema hataki, anataka katochi chake cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe, mpe katochi na wewe uza ile. Katochi kina kengele, kina redio, chaji inakaa siku nyingi, na hakimuulizi mtu anajisikiaje.

Akibaki na ile ya kupangusa, ningeifuta programu hiyo na kuanza na vitu ambavyo tayari vimo ndani yake. Kengele, lakini si mlio uliokuja nao. Ajirekodi mwenyewe, kwa Kisamia au Kiswahili, anavyotaka: "We fundi, maji yako yako wapi?" Sauti yako wewe isiwemo, wala ya mama. Tarehe ya kliniki iingie kwenye kalenda ya simu, na kengele ilie siku mbili kabla ili nauli itafutwe, kwa sababu ninavyojua watu wengi wanakosa dawa kwa kukosa nauli kuliko kwa kusahau. Picha ya karatasi ya dawa, ili siku akiugua mbali na nyumbani mhudumu ajue anatumia nini. Namba tatu za watu wa kupigia, zimepewa majina anayoyaelewa yeye.

Na redio. Watu wengi wanaosikia sauti wameniambia vipokea sauti vya masikioni na redio au muziki wanaoupenda vinapunguza makali, hasa jioni. Haiwasaidii wote. Lakini muulize kama ameshajaribu. Mara nyingi unakuta ameshagundua mwenyewe siku nyingi, na ninyi mnamwambia atoe hayo madude masikioni.

Baadaye, akitaka mwenyewe programu ya kuandika siku zake, zipo nyingi, na ya kuchagua ni ile inayofanya kazi bila intaneti. Bando letu tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, halafu kuna siku umeme haupo, na programu inayodai mtandao ili ikukumbushe kidonge haikukumbushi kitu. Iwe haitaki jina wala namba ya simu. Ifungwe kwa namba ya siri anayoijua yeye. Isiwe na matangazo, maana hizi za bure zinamletea mtu kamari na mikopo ya simu saa saba za usiku, na mtu asiyelala si wa kuonyeshwa mkopo. Na maswali ayaandike yeye. Nyingi zimetungwa kwa Kiingereza, zinauliza "mood". Nyuso tano zile, kwa mtu ambaye dawa imemkausha uso, ni dhihaka.

Kwake yeye, kwa jinsi ulivyomweleza, mimi ningeuliza mambo manne tu: nimelala? nimekula? nimeoga? nimefungua kibanda? Hayo ndiyo maisha ya kila siku, na ndiyo yanayoanza kulegea kabla ya sauti kurudi. Hata simu haihitajiki kwa hilo. Fundi wengi wana daftari la madeni, nani kaacha gurudumu, nani anadaiwa. Ukurasa wa nyuma wa daftari hilohilo unatosha. Rimu mbili leo, rimu moja kesho, siku tatu hakuna: hiyo ni ripoti nzuri kuliko zote ulizopokea kwenye simu yako.

Ukurasa mwingine waandike pamoja, sasa hivi akiwa mzima, dalili zake za mwanzo. Zake yeye, si za kwenye kitabu. Kabla ya kulazwa mara ya pili alianzaje? Alitembea usiku? Aliacha chai? Aligombana na redio? Yeye aseme tatu, wewe useme tatu, na mkubaliane zikionekana mbili kwa pamoja nani anampigia nani na nani anamsindikiza kliniki. Aandike pia asichotaka kufanyiwa. Wengi watakuambia: nisifungwe kamba, na nisisemwe mbele ya watu. Mpige picha ukurasa huo, kila mmoja abaki nayo kwenye simu yake. Hapo ndipo simu mbili zinapofaa.

Dola tano na picha za mdomoni, hapana. Kuna mahali video za namna hiyo zinatumika, kwa kifua kikuu kwa mfano, mgonjwa akiwa amekubali na muuguzi ndiye anayetazama. Lakini kwa ndugu yako, mwezi huu, baada ya yaliyotokea? Mumeo alilalamika kituo cha polisi, sasa analeta na kamera. Zile dola zitengeni kwa nauli ya kliniki.

Mama usigombane naye. Aombe, tena aombe naye nyumbani. Mpaka ni mmoja, asitokee mtu wa kumwambia atupe dawa au afungiwe mahali afunge siku saba bila kula.

Akikesha usiku mbili tatu mfululizo, akisema sauti zinamwamrisha, akizungumzia kufa au kumdhuru mtu, hapo usifungue daftari wala simu. Mpeleke kituo cha afya kikubwa kilicho karibu siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya akili, si lazima mbio za mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya akili huko Kampala. Mhudumu wa VHT, timu ya afya ya kijiji chenu, naye mjulishe mapema, kabla ya siku ya moto.

Jambo la mwisho kabla sijarudi kwenye kopo. Kwenye barua yako yote hakuna mtu hata mmoja mwenye ugonjwa kama wake anayezungumza naye. Kuna Mental Health Uganda, chama cha watu wenye maradhi ya akili wenyewe, kipo tangu 1997 na kina wanachama wilayani. Kuna HeartSounds Uganda, ambao walianzisha kazi ya watu waliopona kuwatembelea wanaotoka wodini. Kliniki waulize nani yuko upande wenu. Fundi mwenzake aliyewahi kuangusha vinati atamwambia kwa dakika tano mambo ambayo mimi nimeshindwa kuyasema kwa kurasa hizi.

Lile kopo, kama ulilichukua, lirudishe kibandani kama ulivyolikuta, na vidonge vyake ndani, usiku huu kabla hajagundua. Kesho jioni, ukishamwambia habari ya simu, ndipo umwambie: "Nilikuja kutafuta solusheni, nikaviona." Kwa mpangilio huo, simu kwanza, kopo baadaye. Halafu nyamaza, hata kama ni kimya kirefu, mpaka aanze yeye.

Shangazi